Mbao za Gitaa na Sauti Yake: Anza na Uso Kabla ya Mgongo

Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanakwaya wenzangu hapa Kampala kwamba gitaa la mahogani halifai, na ushauri huo ulikuwa wa makosa. Kosa lenyewe lilianzia dukani, siku nilipolinganisha magitaa mawili ya nyuzi za chuma, moja likiwa na mgongo wa rosiwudi na jingine wa mahogani. La rosiwudi lilikuwa na besi nzito na sauti za juu zilizo wazi, hali la mahogani lilisikika kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Nikalinunua la kwanza bila kusita. Baadaye rafiki yangu akalichukua lile la mahogani, akalifunga nyuzi mpya, na nilipolisikia kanisani sikulitambua, kwa maana lilikuwa limefunguka kabisa. Nyuzi zake za dukani zilikuwa zimeshika kutu, nami nikaulaumu mti.

Kwa hiyo usilinganishe mbao za magitaa mawili kabla nyuzi zake hazijawa za aina moja, unene mmoja na umri mmoja. Kama muuzaji hataki kubadilisha, nunua seti mbili mwenyewe, kwa sababu bei yake ni ndogo sana ukiipima na bei ya gitaa.

Nyuzi zikishalingana, elekeza sikio lako kwenye ubao wa uso, yaani ule wenye tundu. Nyuzi hutikisa daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni ambapo nyuzi hufungwa, daraja hutikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa mpaka sauti ikamfikia msikilizaji, hivyo mafundi huutafutia mti ambao ni mwepesi lakini haupindiki kwa urahisi. Sprusi, mti wa nchi za baridi, una sifa hiyo kwa kiwango cha juu: ukiichapa kwa nguvu sauti huzidi kupanda bila kuvurugika, na kwa anayeongoza nyimbo za kusanyiko kubwa sioni mti wa kuushinda. Mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika Kaskazini ni laini zaidi. Huitikia hata mguso mdogo wa kidole na sauti yake ina joto, ila ukiupiga kwa nguvu hufika ukomo mapema. Anayedonoa nyuzi kwa vidole chumbani atafurahia mwerezi kuliko sprusi.

Umuhimu wa uso ulidhihirishwa zamani na fundi Mhispania Antonio de Torres, ambaye mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao ilhali mgongo na mbavu zake, yaani mbao za ubavuni, ni za karatasi ngumu; gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuweza kuyatambua kwa macho, na alama walizotoa zilikaribiana sana, ya mbao ghali na ya mbao rahisi.

Sisemi kwamba mgongo hauna kazi. Sikio langu huisikia rosiwudi ikiacha mwangwi mrefu chini ya wimbo, na mahogani ikikauka upesi na kuipa sauti ya mwimbaji nafasi. Katika kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda ambamo mtu mmoja husimulia kisa kirefu na kila neno lazima lisikike, mimi huchagua mahogani bila wasiwasi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, na sehemu ya bei ya rosiwudi hutokana na uhaba wake: ni jamaa ya mpingo, na biashara ya kimataifa ya miti ya jamii hiyo inadhibitiwa kwa mkataba.

Jambo linalostahili fedha zako zaidi ni kujua kama uso ni ubao mmoja au plaiwudi. Lipeleke gitaa kwenye mwanga na utazame ukingo wa tundu. Mistari myembamba ya usoni ikishuka mpaka ndani ya ukingo bila kukatika, huo ni ubao halisi. Ukiona matabaka yamelaliana kama kurasa za daftari lililofungwa, ni plaiwudi, hata kama rangi yake inapendeza namna gani. Kisha mwombe mwenzako apige wimbo mmoja kwa kila gitaa ukiwa umempa mgongo, maana anayepiga na anayesikiliza hawapati sauti ile ile.

Mbali na aina ya mti, ukavu wa mbao nao hubadili sauti, jambo nililolielewa kwa seremala mmoja wa Ndeeba, mtaa wa hapa Kampala. Alishika kipande cha mahogani kwa vidole viwili karibu na ncha, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kwa sauti ndefu. Akachukua kingine cha mti huo huo, kilichopasuliwa karibuni na bado kibichi, nacho kikatoa mlio mfupi uliozimika papo hapo.

Hata hivyo ukavu ukizidi huharibu. Gitaa langu la rosiwudi lilizoea unyevu wa Kampala. Januari moja nililipeleka harusini Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, likakaa siku tisa katika joto kavu, na niliporudi nikakuta ufa wa urefu wa kidole chini ya daraja. Fundi aliuziba kwa gundi na kijiti chembamba cha sprusi. Siku hizi msimu wa kiangazi huweka ndani ya kasha kisahani cha sabuni chenye matundu, na humo sifongo iliyokamuliwa vizuri, nikijaribu kuuweka unyevu kati ya asilimia 45 na 55. Sifongo huiloweka upya kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya.