Kabla hujasaini kazi ya mauzo kwenye kampuni inayokua, soma hesabu ya tageti na kamisheni

Mleta uzi ameuliza hivi: amepewa ofa ya uafisa mauzo kwenye kampuni inayokua kwa kasi. Amepitia maoni ya wafanyakazi wa sasa na wa zamani, akakuta nusu wanaisifu kwamba ndipo mahali pa kujifunza kazi na kupata pesa, na nusu wanasema viongozi wa mauzo wanaongoza kwa vitisho na watu wanaondoka kila mwezi. Amwamini nani?

Mkuu, yawezekana wote wanasema kweli. Kampuni ikiwa inakua, watu wawili wenye cheo kimoja na bosi mmoja wanaweza kuwa na kazi mbili tofauti kabisa. Aliyeingia mapema alichukua wateja wakubwa na eneo zuri. Aliyeingia mwaka mmoja baadaye amepewa majina yaliyokwishapigiwa simu na watu wanne kabla yake. Kwa hiyo maoni hayo yapange kwa tarehe, nyota walizotoa ziache. Sifa zikiwa za zamani na malalamiko yakiwa ya karibuni, kuna kitu kimebadilika katikati: meneja mpya, mpango mpya wa kamisheni (malipo ya ziada kwa kila mauzo), au maeneo yamegawanywa upya. Lalamiko linalotaja jambo mahususi, mfano kamisheni kubadilishwa katikati ya robo mwaka, likirudiwa na watu watatu lina uzito kuliko kumi yanayosema tu "mazingira mabaya". Na sifa tano zilizoandikwa ndani ya wiki moja kwa lugha inayofanana, mara nyingi ofisi iliwaomba watu waandike.

Ila maoni hayatakufikisha mbali. Tabia ya viongozi wa mauzo inatokana na jinsi tageti (lengo la mauzo unalopewa) inavyopangwa na jinsi kamisheni inavyolipwa, na hayo mawili unaweza kuyauliza kabla ya kusaini.

Tageti hushuka kutoka juu. Tuseme bodi inataka mauzo ya 100. Mkurugenzi wa mauzo anajua si wote watafikia, anawagawia mameneja jumla ya 110. Mameneja nao wanajikinga, wanawagawia maafisa jumla ya 120. Mpaka hapo hakuna ubaya, kwa sababu watu huugua, huacha kazi, na dili huanguka. Lazima pawepo akiba. Shida inaanza jumla ya maafisa ikifika 140 au 150. Hapo kampuni inafikia lengo lake la 100 wakati afisa wa kawaida amefikia asilimia 71 au 67 tu ya tageti yake. Juu wanapongezana, chini watu wanaandikiwa barua za onyo, kwa matokeo yaleyale! Ukisikia wafanyakazi wanasema "kampuni inafanya vizuri lakini sisi tunaumia", mara nyingi ndiyo hesabu hii.

Swali la kuuliza kwenye usaili: "Robo mwaka iliyopita, ni maafisa wangapi kati ya wote walifikia tageti?" Usikubali kupewa wastani wa timu, maana mtu mmoja aliyefunga dili kubwa huwabeba wengine wote kwenye karatasi. Wakisema 6 au 7 kati ya 10, tageti imepangwa na mtu anayeijua kazi. Wakisema 2 kati ya 10, ama tageti ni ya kufikirika ama bidhaa haiuziki, na vyovyote vile mzigo utakuangukia wewe. Wakisema wote walifikia, furahi kidogo, halafu uliza itapandishwa lini. Wasipojibu kabisa, jibu umelipata.

Jambo la pili ni ajira mpya, na hapa ndipo kampuni nyingi zinazokua huharibikiwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Chukua timu ya watu 10 inayoletewa wateja tarajiwa 600 kwa mwezi. Kila mmoja anapata 60. Ikiwa asilimia 5 hununua, kila afisa anafunga dili 3. Kampuni inapata mtaji, inaajiri wengine 10, lakini matangazo hayajaongezwa na wateja tarajiwa bado ni 600. Sasa kila mmoja ana 30, sawa na dili moja na nusu, na tageti bado ni 3. Timu nzima inafeli kwa wakati mmoja. Kiongozi anayejua hesabu ataona chanzo ndani ya wiki moja. Asiyejua atasema watu wamekuwa wavivu, ataanzisha vikao vya saa moja asubuhi, ataamuru simu 80 kwa siku. Simu 80 ndani ya saa 8 ni dakika 6 kwa kila simu, pamoja na kusoma habari za mteja na kuandika kumbukumbu. Haiwezekani kwa uaminifu, basi watu wataanza kupiga namba wanazojua hazipokelewi. Takwimu zitapendeza na mauzo yatashuka.

Kwa hiyo uliza pia: idadi ya maafisa imeongezeka kwa kiasi gani mwaka huu, na wateja tarajiwa wameongezeka kwa kiasi gani? Na nitaletewa wangapi, nijitafutie wangapi?

Pamoja na hilo kuna muda wa kuiva. Afisa mpya anahitaji muda wa kujifunza bidhaa, muda wa kujenga orodha ya dili zilizo njiani, na muda wa dili yenyewe kukomaa. Kama mteja huchukua miezi 3 kuamua, mafunzo ni mwezi 1 na kujenga orodha ni miezi 2, mtu huyo atatoa matunda kamili kuanzia mwezi wa 6 hivi. Kampuni inayompa tageti kamili mwezi wa 3 imemhesabu kwenye bajeti kabla hajaiva, na pengo lake litajazwa kwa kuwaongezea waliokuwepo. Mpango mzuri hupanda kwa ngazi, mathalani robo ya tageti, kisha nusu, kisha robo tatu, ndipo kamili, na kipindi hicho mapato yako yanalindwa kwa fedha ya kuziba kamisheni ambayo hujaanza kuipata. Uliza kama fedha hiyo ya kukulinda ni yako moja kwa moja au ni mkopo utakaokatwa kwenye kamisheni za baadaye. Wengi hugundua ni mkopo siku wanapoacha kazi.

Kwenye kamisheni, omba mpango wenyewe kwa maandishi. Maelezo ya mdomo ya meneja hayatoshi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, kwa sababu meneja huyo anaweza asiwepo mwakani. Tazama kamisheni inahesabika lini: mkataba ukisainiwa, ankara ikitumwa, au mteja akilipa? Tofauti ni kubwa. Dili ikisainiwa mwezi wa 1, ankara ikatoka mwezi wa 2, mteja akawa na siku 60 za kulipa, na kamisheni ikaingia na mshahara wa mwezi unaofuata, unaisubiri mpaka mwezi wa 5. Sasa tafuta kifungu kinachosema nini kinatokea ukiondoka mwezi wa 4. Kuna mipango inayosema unapoteza kila kitu, na kampuni yenye mpango huo ina sababu ya kifedha ya kutokujali unapoondoka. Tazama pia kama kamisheni hurudishwa mteja akivunja mkataba, na ndani ya miezi mingapi. Kama kuna kikomo cha mapato. Kama kiwango cha kamisheni kinapanda ukishavuka tageti. Na kama kampuni imejipa haki ya kubadilisha mpango wakati wowote. Kifungu hicho cha mwisho ni cha kawaida, ila kuna tofauti kati ya mabadiliko yanayohusu dili zijazo na yanayorudi nyuma kwenye dili ulizokwishafunga. Ya kurudi nyuma usiyakubali.

Msidhani mipango mibaya huishia kuumiza wafanyakazi tu. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma wafanyakazi wa matawi kumuuzia kila mteja bidhaa 8. Wateja wengi hawakuhitaji bidhaa 8, na wafanyakazi waliogopa kufukuzwa, wakawa wanafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya jumla ya dola milioni 185, ikajulikana kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa suala hilo katika miaka kadhaa, na mkurugenzi mkuu akaondoka mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 2020 ikalipa dola bilioni 3 nyingine kumaliza uchunguzi wa serikali. Wafanyakazi wa chini ndio waliofukuzwa kwanza, walioiweka ile namba 8 walifuatiwa baadaye. Mtu akikuambia "wewe timiza namba, usiniambie umefanyaje", mkumbuke kisa hiki.

Kuhusu meneja wako mwenyewe. Kampuni inayokua humpandisha muuzaji bora kuwa meneja, kwa kawaida bila mafunzo yoyote. Kazi ya kuuza na ya kukuza wauzaji hazifanani, na asiyeambiwa hivyo hufanya anachokijua: anaingia kwenye dili zako, anazifunga mwenyewe, na wewe hujifunzi kitu. Uliza anasimamia watu wangapi. Wakiwa 6 hadi 8, anaweza kukaa na kila mmoja saa moja kwa wiki na kusikiliza simu zake. Wakifika 14, hata akiwa na moyo wa dhahabu, atabaki kusoma takwimu na kufoka.

Njia ya haraka ya kumpima ni kuuliza kikao chake cha kila wiki kinaendaje. Meneja anayejua kazi anauliza nani hasa anasaini upande wa mteja, bajeti ipo au inaombwa, na hatua inayofuata ina tarehe gani. Asiyejua anauliza "utafunga lini, nipe namba", na atakayetaja namba ndogo anadhalilishwa mbele ya wenzake. Matokeo yake yanatabirika: watu wanataja namba za uongo ili kikao kiishe, au wanaficha dili nzuri ili wazitumie mwezi mbaya. Kisha mwisho wa robo punguzo la bei linatolewa ovyo, wateja wanajifunza kusubiri wiki ya mwisho, na robo inayofuata inaanza ikiwa tupu.

Upangaji wa watu kwa lazima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wa mwisho aondoke kila mara, nao uchunguze. Unaua ushirikiano, kwani hakuna atakayemfundisha mwenzake anayeweza kumshusha. Microsoft iliacha mfumo wa kuwapanga wafanyakazi namna hiyo mwaka 2013.

Barua ya kuboresha utendaji, ile unayopewa tageti ikikushinda, ina kipimo rahisi. Linganisha muda uliopewa na muda ambao dili huchukua kukomaa. Dili zikichukua siku 90 na wewe umepewa siku 30 ufunge mpya 4, uamuzi umeshatolewa; tumia siku hizo kutafuta kazi. Ikikutaka ufikie vitu unavyoweza kuvidhibiti, kama mikutano mipya 10 na kurekebisha namna unavyowasilisha bei, na meneja amejiwekea ratiba ya kukaa nawe, kuna anayetaka ubaki.

Kabla ya kusaini omba kuongea na afisa aliyeajiriwa miezi 6 hadi 9 iliyopita. Watakupendekezea nyota wa timu; shukuru, kisha omba huyo mwingine. Muulize mshahara wake wa mwezi uliopita ulilingana na hesabu zake mwenyewe au alilazimika kudai.

Kwa mlioko ndani tayari: wekeni jedwali lenu la dili, tarehe ya kusainiwa, thamani, na kamisheni mnayotarajia, na lilinganisheni na taarifa ya malipo kila mwezi. Maeneo yakigawanywa upya, siku hiyohiyo mwandikieni meneja ujumbe mfupi unaotaja dili zilizo njiani na nani atalipwa kwa kila moja, mpate jibu lake. Madai yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye mpango, kwani mipango mingi ina ukomo wa kupinga hesabu. Ila msinakili orodha ya wateja kwenda kwenye simu au barua pepe zenu binafsi. Hiyo ni mali ya kampuni, na madai halali ya kamisheni yanaweza kugeuka kesi ya wizi wa taarifa.