Mwanangu, aende, ila aulize anapewa pikipiki gani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma gereji mikono ikiwa na grisi, nikaurudia usiku upepo ulipotulia. Unasema dereva mnayemhudumia huko Johannesburg ametwaa ubingwa wa nchi wa superbike, zile mbio za pikipiki kubwa, timu moja ya Ulaya inamtaka, na amekuuliza wewe fundi wake kama aende. Nawe unaniuliza mimi: kwa nini mabingwa wengine wa nyumbani wakifika kwenye ubingwa wa dunia hupotea kama maji mchangani?

Jibu langu ni aende. Lakini asiende kwa sababu tu kaitwa.

Mkumbuke Cameron Beaubier. Kwao Marekani alikuwa bingwa mara 5, mara ya mwisho hapo mwaka 2020, juu ya Yamaha ya silinda nne. Mwaka 2021 akaenda Moto2, daraja la dunia lililo chini ya lile la juu kabisa, MotoGP. Huko wote wanatumia injini moja, Triumph ya silinda tatu, 765cc, ndogo kuliko aliyoizoea. Hapa Majengo madereva wa kijiweni wangekwambia basi kazi imekuwa nyepesi. Sivyo hata kidogo. Injini ikiwa moja kwa wote, humwachi mtu kwenye mnyoofu, unamtafuta kwenye kona, na vijana wa Kihispania na Kiitaliano wamelelewa kwenye pikipiki ndogo tangu utotoni. Superbike unaifunga breki, unaigeuza, kisha unaivuta mafuta kwa nguvu. Moto2 inataka mwendo usife katikati ya kona. Alikaa misimu miwili, hakushinda hata mbio moja, akarudi kwao. Mimi siwezi kusema hakujua kuendesha. Alirudishwa darasani akiwa mtu mzima.

Shane Byrne naye alikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2003, mwaka uliofuata akapanda MotoGP juu ya Aprilia iliyokuwa nyuma ya wenzake. Aliporudi nyumbani aliongeza mataji mengine 5. Kwa hiyo mwambie aulize kwanza anapewa pikipiki gani, ndipo aulize mshahara.

Usimlinganishe na Brad Binder, dereva wa huko Afrika Kusini. Binder alitoka mdogo, akapitia Rookies Cup, mashindano ya vijana chipukizi, akawa bingwa wa dunia wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo, mwaka 2016. Kwa mtu mzima wa superbike mlango huo umekwisha fungwa.

Anayenipa moyo ni Ben Spies. Alikuwa bingwa wa Marekani 2006, 2007 na 2008 akiwa na Suzuki. Mwaka 2009 akahamia Yamaha kwenye Superbike ya dunia, ambako pikipiki zinatokana na zile za dukani, ndugu wa zile alizozizoea. Viwanja vingi vya huko hakuwahi kuvikanyaga. Alishinda mbio 14 kati ya 28 na kutwaa ubingwa mwaka uleule wa kwanza. Watu husifu kipaji, na kipaji alikuwa nacho. Ila mimi kama fundi naona jambo jingine: alivuka bahari pamoja na fundi wake mkuu wa Marekani, Tom Houseworth. Dereva akirudi na kusema nyuma inaelea, fundi aliyemzoea anajua kama anasema tairi au shokapu. Fundi mgeni atabahatisha siku nzima ya mazoezi, na muda wa mazoezi huko ni mchache sana.

Nilipokuwa kijana hapa Dodoma nilitajwa kila kijiwe, hakuna kabureta iliyonishinda. Nilipokwenda Dar, gereji niliyoingia ilinipa kazi ya kuosha vipuri kwa petroli, miezi mitatu. Nililia usiku, nakwambia ukweli. Laiti pale ningekuwa na mtu mmoja anayejua kazi yangu.

Na akikwama mwanzoni, asikate tamaa haraka. Troy Bayliss alikuwa mpiga rangi wa magari kwao Australia. Alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1999, akapelekwa Marekani. Mwaka 2000 Carl Fogarty, dereva wa Ducati kwenye Superbike ya dunia, alipoumia, Ducati walimwita Bayliss Japani, hakumaliza mbio hata moja. Walipomwita tena, kwenye uwanja wa Monza huko Italia, aliwapita wanne kwa mkupuo kwenye kona moja. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia, na umri wake miaka 32.

Sasa nikuambie nilichokisoma katikati ya mistari yako. Hukuuliza kuhusu dereva peke yake. Umeandika mara mbili kwamba wakati wa mashindano analala akijua wewe ndiye uliyekaza nati za mwisho. Mwanangu, wakimtaka yeye, aseme anakuja na fundi wake, na jina lako liandikwe kwenye mkataba kabla hajaweka sahihi. Wakikataa, afikiri upya.

Usiwe na wasiwasi nasi. Gereji inakwenda, mdogo wako ameshajua kupanga gia za Boxer bila kuniuliza. Mama yako nimemsomea barua hii. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama sweta la kusuka linatosha kwa baridi ya Ulaya au akutafutie koti.

Baba yako,
Dodoma