Mwanangu, babu yako hafanyi kusudi

Mwanangu, hujambo? Swali lako la juzi kwenye simu sikulijibu maana babu alikua amekaa pembeni yangu anasikia. Uliniuliza imekuaje mzee ambae hata sauti alikua hapandishi sahivi anamtukana jirani mbele za watu, na kama anafanya kusudi.

Hapana, si kusudi. Kile kiharusi kilimpiga ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, doa lenyewe daktari alituonyesha kwenye picha ya kichwa. Hapo ndo breki ya mtu ilipo. Mimi na wewe tusi linatujia kabisa ila kuna kitu kinalizuia kabla halijafika mdomoni, kwake hicho kitu kimeumia kwahiyo likija linatoka. Mkono ukipooza watu wanakuonea huruma, breki ikipooza wanasema mzee kawa mjeuri, na mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilimnunia baba yangu, inaniuma mpaka leo.

Daktari akanisimulia habari ya Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli kule Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25. Septemba 13, 1848 alikua anashindilia baruti kwenye mwamba ikalipuka, mtaimbo wa zaidi ya mita moja, kilo 6, ukamwingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa! Dakika chache baadae anaongea. Lakini yule kijana waliyekua wanamtegemea kazini akawa mtu wa matusi, hana subira, na daktari wake John Harlow akaandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Hapo nikalia, maana bibi yako nae aliniambia huyu si mume wangu.

Ila kilichonipa nguvu ni kwamba baadae Gage alienda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka, kazi yenye ratiba yake kabisa. Ndo na mimi nikampangia babu siku yake, chai saa moja, amwagilie mchicha, mchana redio, wageni wasizidi wawili. Siku ratiba ikivurugika ndo matusi yanarudi.

Ukija Disemba akianza usimbishie, mshike mkono muulize habari za ng'ombe wake. Jana usiku kaniuliza kama unakula vizuri huko Mwanza.