Kuchora jiji ukiwa palepale: maswali ya wasomaji wa Dar na majibu yake

Maswali haya yametoka kwa watu wanaokuja kuchora nasi mitaani na wengine wanaotaka kuanza. Tumeyafupisha, maana zake hatukuzigusa.

Tangu nimalize shule ya msingi sijashika penseli ya kuchorea. Mnapokea watu kama mimi? (Msomaji, Tabata)

Tunapokea, na karibu sana. Hakuna ada wala mtihani. Sharti ni moja tu: uchore unachokiona kwa macho yako, pale ulipo. Ndilo sharti wanalolishika wachoraji wa mijini sehemu nyingi duniani tangu mwaka 2007, pale Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa Seattle, Marekani, alipoanzisha kundi la mtandaoni lililokuja kuwa Urban Sketchers.

Ila usianze na mtaa mzima. Anayeketi Samora siku ya kwanza na kutaka kuweka kila kitu hutumia muda wote kuhesabu madirisha, na jua likipanda karatasi bado ina ghorofa moja. Chagua kitu kimoja: mlango wa mbao wa nyumba ya zamani kule Kisutu, bajaji iliyoegeshwa, meza ya mama lishe na masufuria yake. Kwenye ukurasa wa kwanza piga vijisanduku vitatu vya sentimita 6 kwa 8, kila kimoja ukipe dakika tano, ukibadilisha upande wa kukaa au ukilaza na kusimamisha karatasi. Kimojawapo kitakuonyesha mchoro mkubwa uanzie wapi.

Ninunue vifaa gani bila kumaliza hela? (Msomaji, Mbagala)

Penseli moja ya 2B, peni moja nyeusi na kaunta buku kutoka steshenari yoyote vinakutosha kwa miezi ya mwanzo. Mistari ya kaunta buku haidhuru kitu, na jalada lake gumu linakuwa ubao wa kuegemeza mkono. Karatasi zake ni nyepesi mno kwa rangi za maji. Ukifika huko tafuta karatasi ya gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi, na ya gramu 300 ndiyo isiyojikunja ovyo. Katikati hapo kuna manila. Ikate vipande vya sentimita 15 kwa 21, ibane kwa vibanio juu ya kipande cha boksi gumu. Inapokea penseli na peni vizuri sana, ila inakunywa maji: rangi ikishagusa imezama, huwezi kuisogeza.

Peni ijaribu kabla ya kutoka nyumbani. Chora mistari kumi kwenye karatasi utakayotumia, subiri dakika tano, pitisha brashi yenye maji. Nyingi za jeli zinatapakaa na kuchafua rangi zote zinazofuata. Peni ya kawaida ya shuleni, ile ya wino mzito wa mafuta, kwa kawaida inahimili, tena ina faida nyingine: ukiigusisha kwa wepesi inatoa mstari hafifu, ukikaza unapata mweusi.

Ongeza kofia yenye ukingo mpana, kitambaa, stuli ya kukunja na chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya kuoshea brashi. Ziwekee alama. Ukibeba mwavuli, uwe mweupe au wa kijivu. Mwekundu unatupa wekundu wake juu ya karatasi na utachanganya rangi usizozikusudia.

Majengo yangu yanaonekana kama yanaanguka. Napima, nafuta, napima tena, bado. (Msomaji, Upanga)

Mara nyingi kosa haliko kwenye mstari unaoufuta. Liko kwenye usawa wa macho, ambao hukuuweka tangu mwanzo.

Nyoosha mkono, laza penseli mbele ya macho yako, uone inakatiza wapi kwenye jengo. Hapo ndipo usawa wa macho yako. Uchore kwa wepesi, toka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Mistari yote iliyo juu yake, yaani kingo za paa, vibaraza vya ghorofani na vichwa vya madirisha, hushuka kuuelekea kadiri ukuta unavyokwenda mbali nawe. Iliyo chini yake, kama ngazi na ukingo wa barabara, hupanda. Kwenye mtaa ulionyooka yote hukutana nukta moja, na nukta hiyo iko kwenye mstari uleule wa usawa wa macho. Ukiipata nukta, umeshapata nusu ya mchoro.

Sasa angalia ulivyokaa. Kwenye stuli ya sentimita 40 macho yako yako kama mita 1.1 au 1.2 kutoka chini. Vichwa vya watu wazima waliosimama vitapita juu ya mstari, na cha aliye karibu kitapita zaidi kuliko cha aliye mbali. Ukisimama mambo yanabadilika: watu wa kimo chako, awe jirani au mwisho wa mtaa, vichwa vyao vyote vinakaa kwenye mstari mmoja, na kinachopanda au kushuka ni miguu. Wengi huanza wamekaa, mgongo ukiuma wanasimama, kisha wanaendelea kuchora wakiwa wamesimama. Mistari ya nusu ya kwanza na ya nusu ya pili haiwezi kupatana hata uifute mara ngapi. Simama kupumzika, lakini rudi kukaa ndipo uchore.

Sababu ya pili ni kukaa karibu mno. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lina mnara mrefu uliochongoka. Ukikaa chini yake unachora juu ukiwa umeinua kichwa na chini ukiwa umekiinamisha, kwa hiyo unaunganisha mitazamo miwili ndani ya mnara mmoja, nao unapinda. Rudi nyuma umbali wa kama mara mbili ya kimo cha jengo. Pasipo nafasi ya kurudi nyuma, simamisha karatasi, nyoosha kuta zote wima, na uache ncha ikatwe na ukingo wa karatasi. Mnara uliokatwa bado unaonekana mrefu. Uliobanwa ili utoshee unakuwa mfupi na mnene.

Na kuhusu kupima: kiwiko kinyooke kila mara, jicho moja lifumbwe. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, penseli inasogea karibu na uso na kipimo kinaharibika. Jizoeze kwenye Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927. Chukua kimo cha askari kuwa kipimo chako, kisha uone kimo cha msingi wa jiwe ni sawa na askari wangapi. Karibu kila anayeanza humchora askari mkubwa kupita kiasi kwa kuwa ndiye anayemvutia, halafu msingi unakosa nafasi.

Siku nyingine rangi ya maji haikauki, siku nyingine inakauka kabla sijaisambaza. Shida ni rangi zangu? (Msomaji, Kigamboni)

Rangi zako hazina kosa. Ni hewa ya Dar na mahali unapokaa.

Asubuhi na mapema unyevu ni mwingi, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Anga uliyoipaka inaweza kubaki mbichi kwa muda mrefu. Tatizo halianzi kwa kusubiri, linaanza kwa kugusa katikati: rangi ikiwa imekauka nusu, brashi yenye maji mengi inasukuma chembe za rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochanika. Inamisha karatasi uitazame kwa upande. Ikiwa bado inang'aa, unaweza kuongeza rangi nzito. Ikishapoteza mng'ao lakini ina ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, iache kabisa. Tumia muda huo kuchora kitu kingine upande wa pili wa ukurasa.

Ukikaa juani inakuwa kinyume. Maji yanakwisha ndani ya brashi na kila mpako unaacha ukingo mkali. Kuna ubaya mkubwa zaidi: karatasi nyeupe iliyo juani inang'aa hadi kila rangi inaonekana hafifu, unaongeza na kuongeza, ukiingia ndani unakuta mchoro mweusi. Karatasi iwe kivulini hata kama unachokichora kiko juani. Kumbuka pia kwamba rangi za maji hupauka zikikauka, basi kwenye kivuli pakia nzito kidogo kuliko unavyoona inafaa.

Kivuli chenyewe kisipakwe nyeusi. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa. Ukizidisha bluu unapata kivuli cha ukuta wa chokaa, ukizidisha kahawia unapata cha ukuta uliopigwa na mwanga unaorudi kutoka kwenye vumbi la barabara. Ziweke kingo za vivuli kwa penseli ndani ya dakika kumi za mwanzo na usizifukuze tena. Jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, na anayelifuata hujikuta na vivuli vya saa mbili tofauti kwenye nyumba moja. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba jua la mchana linapita utosini hapa Dar, vivuli vinajificha chini ya vitu na majengo yanakuwa bapa. Siku hizo maliza kabla ya saa nne asubuhi au anza saa kumi jioni.

Usifunge kisanduku cha rangi kikiwa kimelowa. Kiache wazi usiku kucha, la sivyo ukungu utaota juu ya rangi. Karatasi zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu muda mrefu inapoteza gundi yake ya juu, rangi inazama kwa madoa, na haina dawa. Hiyo ibaki ya penseli.

Nikipiga picha kwa simu nikachorea nyumbani, kuna ubaya? (Msomaji, Ubungo)

Kama zoezi, hakuna. Lakini usituletee kama mchoro wa papo hapo. Lenzi ya simu huvuta vilivyo karibu na kufanya vya mbali kuwa vidogo kuliko unavyoviona, na vivuli inavijaza weusi ambao jicho lako halikuuona. Ukiongeza rangi tu ukiwa nyumbani, andika hivyo pembeni.

Kariakoo watu hawatulii. Nawachoraje? (Msomaji, Ilala)

Anza na kisichohama. Jengo la soko, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lina miavuli ya zege iliyogeuzwa juu ya nguzo. Soko liliungua Julai 2021 na limefanyiwa ukarabati mkubwa. Chora nguzo na kingo za miavuli, kisha meza na mizigo, na uache nafasi tupu za watu.

Watu wachore wengi kwa pamoja. Mpimaji wa maharage anainama, anainuka, anainama tena kwa namna ileile. Mwanzie, akihama nenda kwa jirani yake, akirudi umalizie. Mkono wa mmoja na miguu ya mwingine vikiungana kwa mtu mmoja hakuna tabu, mradi uzito wa mwili uangukie mguu sahihi. Anayesukuma mkokoteni kichwa chake kiko mbele ya miguu. Ukimchora wima, mkokoteni unaonekana umesimama. Daladala isubiri ikiwa kwenye foleni ya kupakia: sanduku kwanza, magurudumu, halafu madirisha. Pantoni la Kigamboni likiondoka usifute, litarudi na kuegesha palepale, au mwenzake atakaa nafasi hiyo.

Mtu mwenye sura inayotambulika mwombe kwanza. "Shikamoo mama, naomba nikuchore ukiendelea na kazi" inatosha, na akikataa, shukuru uhame. Ukikaa mbele ya meza yake kwa saa nzima, nunua kitu. Kamba ya mkoba ipitishe mguuni, kwa sababu macho yako yatakuwa juu.

Mlinzi alinifukuza nikichora geti la ofisi. Alikuwa na haki? (Msomaji, Masaki)

Kwake yeye, mtu anayetazama geti na kuandika ni hatari, na ndiyo kazi aliyopewa. Usibishane. Mwonyeshe daftari lote, kurasa za nyuma pia, ili aone miti na vibanda. Akishikilia msimamo, ondoka.

Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari usiyachore kabisa. Pale kwenye kivuko, Ikulu iko jirani, kwa hiyo geukia maji na soko la samaki. Kwenye kituo cha reli, hospitali au ndani ya nyumba ya ibada omba ruhusa kwa wasimamizi mapema, kwa barua, ukitaja siku, saa na idadi ya watu. Kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu unaweza kulichora ukiwa ng'ambo ya barabara bila kumsumbua mtu.

Tunataka kuanzisha kikundi chetu Temeke. Tuanzie wapi? (Msomaji, Temeke)

Watu watano wanatosha. Chagueni siku isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja hadi saa nne asubuhi, na mwite watu sehemu yenye choo, kivuli na kituo cha daladala karibu. Hayo matatu yakikosekana, watu hawarudi mara ya pili. Mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, si siku hiyohiyo. Mkizidi kumi na watano, gawanyikeni watatu watatu, kwa sababu kundi kubwa linaziba njia na kukusanya watazamaji.

Dakika ishirini za mwisho tandazeni daftari zote chini, kila mmoja azungumzie wa mwenzake kitu kimoja alichokipenda na kitu kimoja anachotaka kujua kilifanywaje. Kila mchoro uwe na mahali, tarehe na saa. Nyumba za zamani za Kisutu na Posta zinabomolewa kupisha maghorofa, na mchoro usio na tarehe hauwezi kumsaidia anayetafuta nyumba hiyo ilivyokuwa.

Masika ikianza msivunje ratiba. Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo mnaweza kuzichora mkiwa mmejikinga. Ulizeni kiingilio cha kikundi siku kadhaa kabla, na bebeni penseli nyingi kuliko rangi.