Kila usiku ninarudi kwenye sufuria

Barua imetoka Bukavu, kwa mama wa watoto watatu anayeuza vitenge soko la Kadutu. Miezi miwili sasa anajinyima ili apungue: asubuhi chai kavu, mchana hakuna kitu. Saa nne usiku, watoto wakishalala, anafunua sufuria na kula bugali baridi kwa mkono, amesimama gizani, mpaka tumbo linamuuma. Kisha analia, na kesho yake anafunga tena. Anauliza: "Huu ni uroho, au nimelogwa?"

Dada yangu, hujalogwa, na hilo neno uroho liondoe mdomoni. Mwili ulioshindishwa na chai kavu hudai deni lake usiku, tena kwa riba. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita. Walianza kuota chakula na kulamba sahani, na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula na kula bila kushiba. Usiku wako, dada, unatengenezwa asubuhi.

Basi tuanzie hapo. Kabla ya kwenda sokoni, kunywa kikombe kikubwa cha uji wa masoso (mahindi, soya na mtama), au kula yai na kiazi kitamu. Saa saba mchana kula kweli: beba maharagi na lengalenga (mchicha), na bugali wa ukubwa wa ngumi yako. Jioni keti na watoto, ule walacho wao. Nusu ya sahani iwe mboga, robo sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) au maharagi, robo bugali. Bugali ukiupiga marufuku, ndio utakaouota.

Pa kupunguza ni kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120, na wengi humimina tu kutoka kwenye chupa. Kwa sombe (majani ya muhogo) ya watu sita, pima vijiko vitatu.

Sasa ile saa nne. Mkono ukielekea kwenye mfuniko, usipigane nao. Washa taa, pakua kwenye sahani, keti, ujiulize: hii ni njaa ya tumbo au ya moyo? Ya tumbo huja polepole, hata kiazi baridi huituliza. Ya moyo huja ghafla, hutaka kitu kimoja tu, na huwa imetanguliwa na jambo: deni la anayekukopesha vitenge, maneno ya mama mkwe, upweke wa nyumba iliyolala. Ikiwa ya tumbo, kula. Ikiwa ya moyo, liandike jambo lenyewe kwenye daftari, mistari miwili na saa yake, halafu ungoje dakika kumi. Bado unataka? Kula, lakini umeketi na taa inawaka. Kujificha ndiko kunakozaa aibu, na aibu hukurudisha kwenye sufuria.

Ukivimbiwa usiku mmoja, kesho yake uji uleule, saa ileile. Wengi huharibikiwa hapa: hufunga ili kulipia, na usiku huanguka tena.

Mizani ni mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Makayabo, yale masamaki ya chumvi, au siku zako za mwezi huweza kuongeza kilo nzima ya maji tu, usitishike. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Na wakikuuliza, "Umekonda, unaumwa?", jibu, "Niko mzima, ninakula vizuri," mwendelee na mengine.

Kama unatumia dawa za sukari, mwonyeshe muuguzi ratiba hii kabla ya kuianza. Na kama mwezi wa tatu utapita ungali unakula hivyo bila kujizuia, hata mara moja tu kwa wiki, huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Ukianza kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha, usingoje hata huo mwezi. Nenda kituo cha afya, omba kuonana na msaikolojia, useme waziwazi: "Ninakula usiku mpaka ninaumia." Beba na lile daftari.