Paipu ya mafuta imeliwa na kutu: kuziba, kukata au kubadilisha?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina gari la zamani la petroli, lenye injekta. Kila asubuhi nasikia harufu ya petroli upande wa nyuma. Juzi nikachungulia chini, nikaona paipu ya chuma ya mafuta imejaa kutu na imelowa karibu na klipu. Fundi mmoja anataka kuiziba kwa gundi ya chuma. Mwingine anasema tukate kipande kilichooza tuweke hozi. Nimfuate yupi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kabla ya yote, gari hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Paipu ikishalowa ujue tayari inavuja. Kwenye gari la injekta pampu inasukuma petroli kwa nguvu ya baa 3 hivi, kuliko hata upepo wa tairi, kwa hiyo tundu dogo kama ncha ya sindano linarusha mafuta kama manyunyu. Yakifika kwenye ekzosi yenye moto, gari limekwenda. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kujaa mahali palipofungwa. Litoe nje kwa kulisukuma, na asikubali mtu kulifanyia kazi juu ya shimo la gereji.

Gundi sahau. Gundi hushika chuma kikavu na kisafi, na hapo huna kimoja wala kingine. Tena ukisugua kwa brashi ya waya ili kupasafisha, mara nyingi unakuta kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Ukiitoa, mafuta yanamwagika.

Huyo wa hozi ana hoja, ila inategemea hali ya paipu iliyobaki. Kutu huanzia kwenye klipu kwa sababu ndipo tope na maji hukaa bila kukauka. Mwambie afungue klipu zote, kuanzia tangi mpaka mbele, atazame chini ya kila moja. Nina hakika atakuta hali ileile zaidi ya mahali pamoja, maana paipu nzima ina umri mmoja. Ukikata hapa leo, kesho itatoboka kwingine.

Ikitokea kweli ni sehemu moja tu, akate mpaka afike kwenye chuma kizima, na mdomo wa paipu autengenezee kifundo cha kuzuia hozi isichomoke. Hozi yenyewe iwe imeandikwa ubavuni 30R9, ambayo ni ya injekta. Ile ya 30R7 ni ya kabureta, haikufai. Klempu ziwe za ukanda laini, kwani zile zenye matundu hukata mpira.

Ila ushauri wangu ni kubadilisha paipu nzima. Tumia ya chuma iliyopakwa kinga, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haishiki kutu na hukunjika kirahisi kwa mkono. Shaba tupu usikubali hata ukiambiwa ni bei nafuu: mtikisiko wa gari huifanya ngumu, halafu inapasuka. Unene uwe uleule wa zamani, na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi ibadilishwe pamoja. Mkiwa hapo chini kagueni na paipu za breki, maana mara nyingi hupita njia hiyohiyo.

Kutoa presha kuna jambo la kuangalia. Kawaida tunachomoa fyuzi ya pampu, tunawasha injini na kuiacha mpaka ijizime yenyewe. Kwako hapana, kwa sababu paipu inavuja. Gari lilale, injini ipoe kabisa, kisha achomoe fyuzi, atoe waya wa hasi wa betri na kufungua kifuniko cha tangi. Halafu azungushie kitambaa kwenye nati na kuilegeza polepole. Akate kwa kikatio cha mkono; grainda irushayo cheche isiletwe karibu. Kizima moto cha unga kiwe mkononi.

Wenye kabureta na pampu iliyo kwenye injini wasijione wamesalimika. Kwao paipu ya kutoka tangini huwa inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo tundu linaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Gari linakata mlimani au linasumbua kuwaka, na watu wanahangaika na plagi.

Kazi ikiisha, washa swichi mara tatu nne bila kupiga stata ili pampu ijaze paipu. Pitisha karatasi nyeupe kavu kwenye kila kiungo. Ikibaki kavu, washa injini na urudie. Rudia tena baada ya siku chache za kuendesha.