Nilivyotaka kuziua figo kwa dawa za mgongo

Mi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma, na mgongo ndo ugonjwa wetu watu wa usukani. Kwenye dashibodi diklofenaki haikosekani, asubuhi kidonge, Mikumi kidonge, nikifika Makambako usiku kingine, afu maji sinywi maana ukinywa unasimama simama njiani kukojoa na tajiri anapiga simu umefika wapi.

Mwaka jana mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, na jioni nikivua soksi alama ya lastiki inabaki mguuni kama imechorwa. Wala siumwi. Nikaenda kupima presha tu, dokta akaibonyeza ile miguu, akaandika na kipimo cha figo, jibu kreatinini 171 wakati kwa mwanaume huwa inaishia 110 hivi. Hiyo ni taka inayotoka kwenye misuli kila siku, ikijaa kwenye damu ujue figo zimelemewa. Nikamuuliza mbona haziniumi? Akacheka, akageuza karatasi akaanza kunichorea.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja, kila kimoja ni kifundo cha vimishipa vidogo huvioni kwa macho. Damu inaingia kwa presha, maji na vitu vidogo vinapenya, chembe za damu na protini nyingi zinabaki maana ni kubwa. Ila kilichopenya hakiendi moja kwa moja kwenye kibofu! Kwa siku zinachujwa kama lita 180, we unakojoa moja na nusu hivi, nyingine zote zinarudishwa kwenye damu pamoja na sukari na chumvi zake. Mi nikaelewa kidereva, ni kama mpakani wakushushe mzigo wote chini, afu wapakie upya vya halali, magendo yabaki.

Sa ubaya wa zile dawa ni huu, mwili una kemikali inayotanua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, hasa ukiwa na upungufu wa maji. Diklofenaki na ibuprofeni zinaizuia, maumivu yanapungua kweli lakini mshipa nao unabana na presha ya kuchujia inashuka. Kumbe nlikuwa nabana bomba kwa kidonge na kufunga koki kwa kiu, siku hiyo hiyo.

Niliacha, nikanywa maji, wiki tatu baadae ikasoma 98. Bahati tu, maana chujio likishakufa halioti lingine. Kwahiyo we mwenye presha au sukari usisubiri maumivu, pima kreatinini na protini kwenye mkojo, na kama unameza dawa za presha mwambie muuza dawa kabla hajakupa ya mgongo. Mkojo ukiwa na povu lisilokatika kila siku, nenda. Ila kama figo zako zishaonekana na shida uliza kwanza maji unywe kiasi gani, wengine wanapunguziwa. Na hizo chupa za mitishamba ya "kusafisha figo" zinazouzwa stendi, mi sizigusi.

Mgongo bado unauma, siwadanganyi. Nimeweka mto nyuma ya kiti, nikifika Ruaha Mbuyuni nashuka najinyoosha nanunua na vitunguu, nikizidiwa sana nameza parasetamo. Tajiri akipiga namwambia nakojoa.